Fulana, Mabango na "Mengineyo"

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mliokaa huko nyuma mkijikunja kwa baridi ambayo baadhi yetu tunaoishi pwani tulikuwa tumekwisha kuisahau:

Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "Vijana na Uongozi". Kichwa hicho ni kizuri, lakini ni kipana kama Bonde la Rukwa, na mtu akiteremka humo bila kujua aendako atazunguka mpaka giza limkute. Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti aniruhusu nizungumze juu ya kipande kimoja tu, ambacho ndicho kilichomo katika agenda namba 6 ya kikao chetu cha mchana. Agenda hiyo inapendekeza kwamba Umoja wetu utenge shilingi milioni 5 kutoka katika mfuko wake, ili kuwasaidia wanachama wetu watakaoomba uteuzi wa vyama vyao katika uchaguzi wa mwaka 2030, "hasa kwa upande wa matangazo". Tena imependekezwa kwamba mabango yao yawe na nembo ya shule.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kanuni za kazi yangu haziniruhusu kusimama hapa nikampigia debe mtu wala chama. Nitakitaja sana Chama cha Mapinduzi kwa sababu kura zake za maoni ndizo zenye historia ndefu, na ndizo ambazo wengi wetu tumeziona kwa macho. Vyama vingine navyo vina kura zao, na fedha haichagui rangi ya bendera.

Kwanza niwaeleze vijana. Kura za maoni ni uchaguzi unaofanyika ndani ya chama kabla ya ule wa wananchi wote. Watu kumi wa chama kimoja wanataka ubunge wa jimbo moja. Chama hakiwezi kusimamisha wote kumi, hivyo wanachama, au wajumbe wao, hupiga kura, kisha vikao vya juu hutoa uamuzi wa mwisho. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, aliyepita katika mlango huu mdogo hana wasiwasi mkubwa na mlango mkubwa. Ndiyo maana watu husukumana zaidi kwenye ule mdogo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, kabla Mkoa wa Rukwa haujazaliwa, nchi hii ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya chama kimoja. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilikuwa imekaa ikafikiri: ikiwa kuna chama kimoja tu, mwananchi atachagua nini? Jibu likawa kwamba kila jimbo liwe na wagombea wawili wa chama hicho hicho. Waombaji walipigiwa kura na mkutano mkuu wa TANU wa wilaya, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakapelekwa kwa wananchi.

Kinachotuhusu leo ni kanuni za kampeni zile. Mgombea hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake mwenyewe. Chama ndicho kilichopanga mikutano, wagombea wote wawili wakakaa kwenye jukwaa moja, mmoja akasema na mwenzake akasikiliza, kisha wakabadilishana. Walitakiwa kusema Kiswahili tu. Kutaja kabila, dini au rangi ya mtu ilikuwa mwiko. Karatasi za kuwatangaza zilichapwa kwa gharama ya serikali, za huyu sawa na za yule. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Inasemekana kila mgombea alitamani jembe, na Mfipa hahitaji kuelezwa kwa nini. Basi tangazo kubwa kuliko yote katika uchaguzi ule lilikuwa picha ya jembe, na halikumgharimu mgombea hata senti moja.

Je, mtu asiye na fedha aliweza kumwangusha mkubwa? Aliweza. Mwaka ule Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Sisemi kwamba utaratibu ule haukuwa na kasoro. Wale wawili walichaguliwa na wachache, na hapakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Ninachosema ni kwamba mtu aliweza kuingia katika kinyang'anyiro bila kuuza ng'ombe.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asipangishe nyumba. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti hayo, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Tangu hapo mgombea alikuwa huru kuwa na mali, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini mara mwenye mali aliporuhusiwa kugombea, lilizuka swali ambalo mwaka 1965 halikuwapo, nalo ni hili: mali hiyo aitumie kiasi gani kujitangaza, na kwa njia zipi?

Mwaka 2000 nilikuwa kidato cha tano hapa hapa. Ndio mwaka Bunge lilipobadilisha Sheria ya Uchaguzi na kuingiza jambo lililokuja kujulikana nchi nzima kwa jina la takrima. Kifungu cha 98 kikasema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila hakitahesabiwa kuwa ni hongo. Kikaongeza kwamba gharama za kawaida zinazotumika kwa nia njema katika kampeni nazo hazitahesabiwa kuwa ni hongo. Someni maneno hayo mara mbili, vijana. Kwa kalamu moja, pilau na bango viliwekwa katika kapu moja.

Waliotetea takrima walisema ni mila ya Kiafrika kumkirimu mgeni. Nami huwa najiuliza ni Mwafrika yupi waliyemfikiria. Katika Ufipa ya wazee wetu mtu aliyetaka kusaidiwa kulima aliwaalika majirani, na nyumbani kwake ikapikwa pombe ya ulezi. Pombe ile ilikuwa shukrani kwa jasho, tena kila mtu alijua kwamba kesho ni zamu yake kualikwa kwa mwenzake. Hakuna aliyekunywa, akafuta mdomo, kisha akadaiwa shamba lake kwa miaka mitano.

Mashirika matatu yasiyo ya kiserikali, likiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yaliipeleka takrima Mahakama Kuu. Aprili 2006 majaji watatu waliamua kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba. Hoja iliyokuwa na uzito ilikuwa ya usawa: mwenye fedha anaweza kukirimu, asiye na fedha hawezi, hivyo sheria ilikuwa imempa mmoja silaha na kumnyima mwenzake. Takrima ikafa kisheria. Kama ilikufa na mitaani, hilo nawaachieni mliokuwapo.

Miaka minne baadaye, Machi 2010, Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi mbele ya watu. Hii ndiyo sheria ambayo kila anayeunga mkono agenda namba 6 hana budi kuisoma kabla ya kuinua mkono. Kwa mara ya kwanza gharama zilianza kuhesabiwa tangu mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, wala si tangu siku kampeni za wananchi zinapofunguliwa. Waziri akapewa mamlaka ya kuweka kikomo. Kwa uchaguzi wa 2010 kikomo cha mgombea urais kilikuwa shilingi bilioni 5, na cha mgombea ubunge kilikuwa kati ya milioni 30 na milioni 80, kwa kufuata ukubwa wa jimbo na hali yake. Msajili wa Vyama vya Siasa akawa ndiye mwangalizi wa mahesabu.

Milioni 80 ni nini? Hebu tufanye hesabu ya Kifipa. Tuseme kilo ya mahindi ni shilingi 500. Gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000. Kwa hiyo milioni 80 ni magunia 1,600. Mkulima wa Laela anayevuna magunia 10 kwa eka angehitaji eka 160, tena asile hata debe moja, asinunue mbolea, wala mtoto wake asije hapa shuleni. Na hicho ni kikomo kilichowekwa ili kuzuia matumizi yasizidi! Hata kikomo cha chini, milioni 30, ni magunia 600.

Lakini nisiwe mwepesi wa kulaumu kikomo, maana tukitazama nje tunaona hali ya mahali kisipokuwapo. Marekani ndiko wanakopiga kura za uteuzi jimbo kwa jimbo, na wananchi wa kawaida ndio wanaopiga. Jimbo la Wisconsin lilitangulia kuziweka katika sheria kwa upana, na wapiga kura wakaithibitisha sheria hiyo mwaka 1904. Nia ilikuwa njema: kuuondoa uteuzi katika vyumba vya wakubwa wa vyama na kuupeleka kwa raia. Lakini mara uamuzi ulipohamia kwa mamilioni ya watu, mgombea alilazimika kuwafikia mamilioni hao, na njia ya kuwafikia ikawa tangazo la kulipia, kwanza magazeti na redio, kisha televisheni. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba kumwekea mgombea kikomo cha matumizi ni kumzuia asiseme. Januari 2010, miezi miwili tu kabla ya sheria yetu kutiwa saini, mahakama hiyo hiyo iliyaruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo kwa matangazo ya uchaguzi, mradi wasizikabidhi kwa mgombea mwenyewe. Mwaka mmoja, nchi mbili, na kila moja ikaelekea upande wake.

Na je, tangazo linanunua ushindi? Mwaka 2020 tajiri Michael Bloomberg aliutafuta uteuzi wa chama cha Democratic. Alitumia zaidi ya dola bilioni moja za mfukoni mwake kwa muda wa miezi mitatu na ushei, zaidi ya nusu yake kwa matangazo. Mahali pekee alipoongoza ni visiwa vidogo vya American Samoa, kisha akajitoa. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba bango linapiga kura. Ila kumbukeni pia kwamba wapo wasio na fedha ambao hawasikiki kabisa, na kwa wasiosikika hatuna hata cha kuwacheka.

Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao ya fedha za kampeni mwaka 2013. Bunge lao likaisimamisha hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Wanaotunga sheria hizi ni wale wale zitakaowabana, hapa na kila mahali.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe kubadilisha kichwa cha hotuba.

Kwa miaka mingi wapiga kura wa kura za maoni walikuwa wajumbe wa mkutano, yaani watu wanaoweza kuenea katika ukumbi mmoja. Mwaka 2010 chama kilibadili utaratibu, kikasema kila mwanachama mwenye kadi apige kura katika tawi lake. Mwaka 2015 ikawa hivyo tena. Mwaka 2020 kura zikarudishwa kwa wajumbe wa mikutano mikuu, nazo zikahesabiwa hadharani. Nchi nzima zaidi ya watu 10,000 walikuwa wamechukua fomu, wengine wakaambulia sifuri, na hapo ndipo ulipozaliwa ule msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe iliongezwa, majina yakachujwa kwanza, na kura zikapigwa tarehe 4 Agosti.

Mtu anaweza kuona haya kuwa ni mambo ya ndani ya chama. Lakini mtazame mwenye mfuko. Wapiga kura wakiwa maelfu matawini, kuanzia Kasanga ziwani hadi Muze bondeni, hawezi kumfikia kila mmoja kwa mkono, hivyo atatumia fedha kwa vitu vinavyoonekana: fulana, kofia, kanga, kalenda, mabango, gari lenye vipaza sauti, matangazo ya redio. Wapiga kura wakiwa mia chache wanaojulikana kwa majina na nyumba zao, bango ni la nini? Mjumbe wa Chanji hahitaji kuona picha ya mgombea kwenye mti wa mkaratusi. Mgombea atampigia simu. Fedha haitapungua, itaondoka ukutani na kuingia mfukoni, gizani, mahali ambapo Msajili hana tochi. Na wengi wakiwa ndio wapiga kura, fedha ina ujanja mwingine tena: ile miaka ya kura za matawini malalamiko yalihusu kadi, watu wakiandikishwa kwa makundi na kulipiwa ada na mtu mwingine.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi mkubwa na bango. Bango lina fadhila moja: linahesabika. Mtoto wa darasa la nne anaweza kutembea kutoka Soko Kuu hadi Kizwite akayahesabu, na mchapaji anayo stakabadhi. Chama chenyewe mara nyingi kimeyakataza matangazo ya mtu binafsi katika kura za maoni, kikawatembeza waombaji pamoja kama mwaka 1965. Februari 2014 kiliwapa adhabu ya miezi kumi na miwili makada wake sita waliotuhumiwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Lakini kukataza kinachoonekana bila kukiweza kisichoonekana ni sawa na kuchoma nyasi na kuacha mizizi.

Kuna mwenzetu mmoja, sitamtaja, wala msigeuze shingo kumtafuta. Alilala bweni moja nami. Miaka iliyopita aliomba uteuzi katika jimbo mojawapo la nchi hii, akashindwa kwa kura nyingi. Baadaye alinionyesha daftari lake la matumizi. Alikuwa mtu wa mahesabu tangu shuleni, na daftari lilikuwa safi. Ukurasa wa kwanza: fulana, idadi na bei. Wa pili: vipeperushi, gundi, vijana wa kubandika. Wa tatu: mafuta ya gari na matairi mawili, maana barabara ya kuteremka Lyambalyamfipa haina huruma. Wa nne: vocha za simu. Kisha ukaja ukurasa wenye kichwa "Mengineyo". Ukafuata mwingine wenye kichwa hicho hicho, na mwingine. Nilimwuliza mengineyo ni nini. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Kaka, hayo ni nauli za wajumbe." Nikamwuliza wanatoka wapi kwa nauli kubwa namna hiyo. Akasema, "Kila mmoja anatoka anakotaka yeye."

Nilijumlisha pale pale. Matangazo yote hayakufika theluthi ya jumla. Kila kitu kilichobaki kilikuwa mengineyo. Na fedha yote, bango na mengineyo, ilitoka katika kiwanja kimoja, ng'ombe kadhaa na mkopo aliouandikia sababu ya "kupanua biashara ya alizeti". Mkopo ule aliulipa kwa miaka minne. Binti yake mkubwa alikaa nyumbani mwaka mzima akisubiri ada ya chuo. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyewahi kumwuliza daftari lile liko wapi. Aliyeshindwa hana anayemkagua.

Nami nafikiri pia juu ya yule aliyemshinda. Kama aliyeshindwa alitumia kiasi kile, mshindi alitumia kiasi gani, na anakirudisha wapi? Nafanya kazi katika ofisi ya umma. Sisi watumishi ndio tunaopokea simu za mbunge aliyeingia na deni: kandarasi ya daraja, kiwanja cha mjini, ajira ya mpwa wa mfadhili. Si wote, tena nimefanya kazi na wabunge waaminifu ambao ningewapikia pombe ya ulezi mimi mwenyewe. Lakini mwenye deni unamtambua kwa namna anavyouliza. Haulizi kama jambo linawezekana. Anauliza litakuwa tayari lini.

Ninyi vijana mna sehemu yenu katika hesabu hii. Kura za maoni huangukia Julai na Agosti, mahindi yamekwisha vunwa, upepo unavuma na vumbi, na shule huenda zimefungwa. Ndipo gari linapopita Jangwani na Katandala jioni likiwatafuta wabandikaji. Ninajua kwamba baadhi yenu mmebandika, maana uji wa ngano hautoki haraka kwenye sweta la shule. Sikugombezi kwa kutafuta shilingi elfu mbili. Ila ukibandika, soma kwanza kilichoandikwa. Bango likiwa na picha, jina na neno "Maendeleo" tu, bila kusema ni maendeleo yapi na yatalipiwa na nani, basi ujue umelipwa kubandika uso. Na mtu mzima akikupa bahasha umpelekee mjumbe fulani "salamu zake", irudishe. Hiyo haiwi kazi ya kubandika tena. TAKUKURU wana jina lake, na katika sheria yao ya mwaka 2007 jina hilo halimtazami aliyetoa peke yake.

Sasa agenda namba 6. Nina mambo matatu ya kusema juu yake, na la mwisho ndilo zito.

Moja ni la kisheria, nalo ni fupi. Sheria ya mwaka 2010, kama ilivyotungwa, inataka mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu mmoja, au milioni 2 kutoka kwa taasisi, utolewe taarifa kwa Msajili. Umoja wetu ni taasisi. Tukigawa milioni 5 kwa wanachama wawili, kila mmoja anapata milioni 2 na nusu, na tumekwisha kuingia katika daftari la Msajili kama wafadhili wa siasa. Mweka Hazina wetu ajiandae.

La pili ni hilo la wawili. Katika kura za maoni za 2025 wanachama wetu wawili walipigania jimbo moja. Wote tunawafahamu, wote wamekula maharage yenye mchanga katika bwalo hili. Kama mfuko ungekuwapo, tungempa nani? Tukiwapa wote wawili sawa kwa sawa, tumechapa mabango ya kupingana, yote mawili yana nembo moja, na mwananchi wa Matai atadhani shule imegombana yenyewe. Tukimpa mmoja, mwaka unaofuata yule mwingine hatakuja mkutanoni, wala rafiki zake. Nimeona vyama vya wanafunzi wa zamani vikifa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

La tatu ni nembo. Shule hii haikusomesha watoto wa chama kimoja. Humu ndani walikaa watoto wa wavuvi wa Kirando, wa mapadri wasaidizi na mashehe, wa makatibu wa TANU na wa watu waliogombana nao. Nembo ile ni ya wote, hata ya kijana wa kidato cha kwanza aliyefika Januari na bado anapotea njia ya maabara. Hakuna kati yetu mwenye haki ya kuitoa ikabandikwe chini ya uso wa mtu, hata kama uso huo ni wa rafiki yetu mpenzi. Siasa za vyama haziruhusiwi ndani ya uzio wa shule. Haifai tukazitolee nje kwa mlango wa nyuma, zikiwa zimevaa sare yetu.

Ninajua mliolileta pendekezo mna hoja, nami naiheshimu. Mnasema: mtu mwadilifu asiye na mali atafikaje? Tukimwacha peke yake, uwanja tumewaachia wenye mengineyo. Hoja hiyo ni ya kweli, na fulana zetu mia mbili hazitaijibu. Mwenzetu yule wa daftari alikuwa na fulana. Mtu wa namna hiyo anachokosa ni watu watakaokwenda kumsemea bure, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe na kwa miguu yake, na watakaokataa nauli. Wanachama wa vyama waliomo humu wanaweza kufanya hivyo bila senti ya mfuko huu. Sisi watumishi wa umma hatuwezi, lakini tunaweza kulipa ada ya mtoto wa mtu aliyegombea kwa uaminifu akashindwa.

Kwa hiyo naomba kutoa marekebisho, Ndugu Mwenyekiti, na Katibu ameniahidi kuyaandika. Kwanza, neno "matangazo" lifutwe katika agenda namba 6, na milioni 5 zirudi kwenye vifaa vya maabara na ada za wanafunzi wasiojiweza, kama katiba yetu inavyosema. Pili, iandikwe kanuni kwamba nembo ya shule haitatumiwa na mwanachama yeyote katika kutafuta uteuzi au kura. Nimekwisha kumpata mtu wa kuniunga mkono. Ni mmoja wa wale wawili wa mwaka 2025, na yule mwenzake ameniambia asubuhi hii kwamba anafikiri.

Kengele ya chakula imegongwa, na naona wapishi wanatutazama mlangoni. Maswali nitayapokea mchana, ila yale ya kutaka jina la mwenye daftari sitayajibu.